Mimea hai kwa tangi la aksoloto hapa Malindi: namna ya kuchagua isiyooza baada ya wiki mbili

Malalamiko ni yale yale kila mara. Mtu kanunua mimea imenawiri, kaipanda kwenye mchanga kwa ustadi wote, wiki mbili baadae majani yamegeuka kamasi, maji yananuka na aksoloto (yule salamanda wa majini wa kufugwa) keshang'oa kila kitu kwa miguu yake. Anarudi dukani, ananunua ile ile tena. Ukimuuliza atakwambia ni maji ya Malindi.

Sio maji (mara nyingi). Mimea karibu yote inayouzwa maduka ya samaki imechaguliwa kwa tangi la samaki wa joto, yaani maji ya nyuzi 26 na kwenda juu, taa kali, na udongo wenye rutuba chini. Tangi la aksoloto ni kinyume cha hayo matatu: maji baridi, mwanga hafifu, chini mchanga mtupu au kioo. Kwahiyo kabla ya kupenda rangi ya jani jiulize maswali matatu tu. Utastahimili baridi? Utaishi kwa mwanga mdogo? Utaweza kukaa bila udongo? Jibu likiwa hapana kwa swali lolote, uache hapo hapo dukani hata ukipewa bure.

## Kama huna chila (mashine ya kupoza maji ya tangi), malizana na hilo kwanza

Aksoloto asili yake ni maziwa na mifereji ya Xochimilco, Mexico City, mji ulio kama mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Anataka maji ya nyuzi 16 hadi 18. Ikipita 20 anaanza kuteseka, na kwenye 24 na kuendelea hapo unacheza na uhai wake. Sasa wewe uko Malindi, na wakati wa kaskazi maji yaliyokaa tu sebuleni yanakuwa 28, 29.

Feni ya kupuliza juu ya maji inasaidia sehemu kavu, lakini hapa pwani hewa imejaa unyevu, maji hayavukizi vya kutosha, utashusha nyuzi chache tu na bado uko juu ya mstari. Chupa za barafu zifae siku ya dharura, kwa kila siku hapana, joto linapanda na kushuka na mnyama anaugua kwa huko kupanda na kushuka. Hakuna mmea utakaokuokolea hapa. Chila kwanza, na kiweke mahali penye hewa kwa sababu lile joto kinalolitoa kwenye maji kinalimwaga chumbani.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaagiza mmea

- Themomita ya kuzama majini. Ile ya kubandika nje ya kioo inasoma joto la chumba zaidi kuliko la maji.
- Vifaa vya matone vya kupima amonia, naitraiti na naitreti (sumu zinazotokana na kinyesi na mabaki ya chakula), pamoja na pH.
- Dawa ya kuondoa klorini, isiyochanganywa aloe vera. Soma lebo.
- Ndoo mbili mpya. Sio zile zilizowahi kufulia nguo, sabuni haiishi hata usuuze vipi.
- Shabu, ile ile ya jiwe inayouzwa dukani, uitwange iwe unga.
- Bleach ya kawaida isiyo na harufu wala rangi, pamoja na glavu.
- Uzi mweusi wa pamba au mshipi mwembamba wa kuvulia samaki, na supaglu ya jeli.
- Vifuu vya nazi viwili vitatu, na chungu kidogo cha udongo ambacho hakijapakwa rangi.
- Kanga kuukuu au kitambaa chepesi cha kufunika ndoo.
- Taima ya taa.

## Hatua ya 1: Pima maji unayotumia

Maji ya bomba Malindi yanatoka visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na yanatiwa klorini. Haya yatakufaa ukishaitoa klorini. Maji ya kisima cha nyumbani ni habari nyingine, visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi ambayo unaisikia mdomoni, na chumvi hiyo inachoma mimea ya maji matamu polepole, ncha za majani zinakuwa kahawia kisha jani zima linaondoka. Wenzetu wa Lamu mnalijua hili vizuri, maji matamu ya pale yanategemea michanga ya Shela na ukichimba pengine unakutana na maji ya chumvi.

Maji magumu yenye chokaa yasikutie hofu, aksoloto anayapenda na mimea nitakayoitaja inayavumilia. Chumvi ndio ya kuiogopa.

Unachotaka kuona: amonia 0, naitraiti 0, naitreti chini ya 20 (miligramu kwa lita), pH kati ya 7 na 8. Ukiona amonia au naitraiti yoyote, tangi halijaiva, yaani bakteria wa kula sumu hizo hawajakua vya kutosha, na mnyama asiingie bado. Mimea inaweza kuingia, na kusema kweli huo ndio wakati mzuri kuliko wote, utaona kwenye hatua ya 5.

## Hatua ya 2: Chagua kutoka orodha fupi

Orodha ni fupi kwa makusudi.

Anubiasi. Kama unanunua mmea mmoja tu basi ni huu. Unatoka Afrika ya Magharibi na Kati, majani magumu, hauharakishi maisha, na unaishi kwenye kivuli. Shina lake nene linalala kama tangawizi na hilo shina halitakiwi kufukiwa kabisa. Dukani ulizia Anubias barteri, ile ndogo ya nana inakaa vizuri kwenye kifuu. Kasoro yake ni moja, unakua taratibu mpaka utafikiri ni wa plastiki.

Java fani, Microsorum pteropus. Tabia zake ni zile zile za anubiasi, nao unafungwa juu ya kitu. Majani marefu, aksoloto hupenda kujilaza katikati yake. Vidoti vyeusi chini ya jani sio ugonjwa, ndipo watoto wanapotokea, msiukate jamani.

Java mosi. Kwa kuficha na kupunguza ukali wa mwanga haina mpinzani. Ila inanasa uchafu, mabaki ya nyungunyungu na kinyesi, kwahiyo weka kidogo na uikung'ute kila ukibadilisha maji.

Honiwoti, Ceratophyllum demersum. Huu hauna hata mizizi, unaelea tu au unaubana chini na jiwe. Unanyonya naitreti kwa kasi. Utamwaga sindano zake siku za kwanza na utachafua filta, ujue hilo mapema usije ukautupa kwa hasira.

Elodea. Mmoja wa mimea michache inayopenda baridi kweli kweli, tena kwenye joto letu la kawaida ndio inakonda. Shina ni laini, aksoloto anaweza kulivunja, lakini kila kipande kinaota.

Valisineria. Huu unahitaji mizizi yake ikae mahali, kwahiyo ni kwa chungu tu, sio kwenye mchanga wa tangi.

Pothosi, lile ua la kutambaa la majani ya moyo ambalo kila nyumba ya pili ina kopo lake. Mizizi majini, majani nje ya tangi. Kwa kupunguza naitreti huenda ndio mfanyakazi wako bora, kwa sababu majani yake yanakula hewa ya juu na baridi ya maji haiusumbui sana.

Vya kuacha: mimea myekundu yote, inataka taa kali ambayo itamtesa mnyama asiye na kope za kufumba. Nyasi fupi za zulia nazo zinataka taa na gesi ya kaboni, na kupuliza gesi hiyo kwenye tangi la aksoloto ni hatari. Dakwidi, vile vijani vidogo vya kuelea, vitaingia kwenye pampu ya chila na hutavimaliza maisha yako. Mimea yenye majani makali au miiba inachana mashavu yake ya nje, yale manyoya anayopumulia.

Na mianzi ya bahati! Inauzwa imezamishwa kwenye matangi kama ni mmea wa majini. Sio mwanzi na sio wa majini, ni dracaena, ikizama nzima inaoza pole pole na kuchafua maji. Kuna jaribio rahisi: toa mmea majini, wa majini halisi mara nyingi unalegea kama uzi. Ukisimama wima mkakamavu, shuku. Anubiasi na java fani hazihesabiki hapa, hizo zinasimama na bado ni halali.

## Hatua ya 3: Kuagiza na kukagua

Malindi chaguo ni dogo, wengi tunaagiza Mombasa au Nairobi na mzigo unakuja kwa basi. Mwombe muuzaji aifunge mimea kwenye gazeti lenye unyevu ndani ya kontena, isijazwe maji, na itumwe kwa basi la usiku. Mmea uliofungwa na unyevu unafika salama kuliko uliochemka ndani ya maji kwenye buti mchana kutwa.

Ukipokea, bonyeza shina la anubiasi kwa kidole. Gumu ni zima. Likibonyea na lina harufu, kata sehemu laini yote mpaka ufike penye ugumu, lisipobaki kitu omba urudishiwe hela. Angalia nyuma ya majani kama kuna vidonge vya utelezi, hayo ni mayai ya konokono.

Muulize pia kama wanatumia dawa ya kuua konokono. Dawa nyingi za namna hiyo zina shaba, na shaba ni sumu kwa aksoloto, ngozi yake inanyonya kila kitu. Mbolea za mimea nazo nyingi zina shaba kidogo. Mimi naona usitie mbolea kabisa, mnyama mwenyewe anaizalisha ya kutosha.

## Hatua ya 4: Kuosha kwa dawa

Hapa watu wanaruka, halafu konokono na minyoo midogo ya maji inajaa tangi wanashangaa imetoka wapi.

Kwanza suuza mmea kwenye maji ya bomba, ondoa sufi iliyozungushiwa mizizi, waya na kijikopo cha plastiki. Ile sufi ya kijivu itoe yote kwa subira, aksoloto anakula kwa kuvuta maji kwa nguvu mdomoni na kipande chochote kidogo kitaingia tumboni.

Kisha gawa mafungu mawili.

Anubiasi na java fani zinaweza bleach: sehemu moja bleach kwa sehemu 19 za maji, zamisha dakika moja na nusu, isizidi mbili. Toa, suuza sana, halafu loweka kwenye ndoo yenye maji na dawa ya klorini mara mbili ya kipimo mpaka harufu iishe kabisa. Ukisikia harufu hata kidogo, rudia kuloweka.

Honiwoti, elodea, mosi na valisineria zikionja bleach zinayeyuka. Hizi zipe shabu: kijiko kimoja cha mezani cha unga kwenye lita 4 za maji, loweka masaa 2 hadi 3, suuza mara kadhaa. Inaua konokono wengi, sio mayai yote, ndio maana kuna hatua inayofuata.

Tahadhari: bleach usiichanganye na siki wala sabuni nyingine yoyote ya chooni, inatoa gesi ya kukuumiza mapafu. Nasema siki maana utaitumia kwenye hatua ya 6, ndoo zisikutane.

Pothosi ukiipata kitaluni hujui imepuliziwa nini. Kata tawi, liweke kwenye chupa ya maji mpaka litoe mizizi mipya, badilisha maji kila wiki, ndio ulipeleke tangini. Usitumie mizizi iliyokuwa kwenye udongo.

## Hatua ya 5: Karantini, kisha kushusha joto

Wiki 3 hadi 4 kwenye ndoo, mahali pa mwanga wa kawaida, pasipopigwa na jua moja kwa moja. Kila siku chache angalia, toa konokono mdogo aliyetotolewa, badilisha maji.

Ndoo ya maji Malindi bila kifuniko ni shamba la mbu, kwahiyo funika. Lakini sikiliza vizuri hapa: usifunike na kipande cha chandarua chenye dawa! Dawa ile ya kuua mbu ni sumu kali kwa viumbe vya majini, ikilowa inaingia kwenye maji na unaibeba mpaka tangini. Tumia kanga kuukuu. Na chumba chenye tangi hakipuliziwi dawa ya mbu kabisa wala kuwashwa koili, kama familia haiwezi kuvumilia basi tangi lihamie chumba kingine.

Sasa kuhusu baridi, ambapo ndipo mimea ya watu wengi inafia. Mmea umetoka kwenye beseni la nyuzi 28, unautia kwenye maji ya 17 siku hiyo hiyo, unamwaga majani yote. Njia nzuri ni hii: kama tangi bado linaiva na halina mnyama, tia mimea ikiwa maji yako kwenye joto la chumba, ngoja izoee, bakteria nao wanakua haraka kwenye maji ya uvuguvugu. Maji yakishasoma amonia 0 na naitraiti 0, washa chila na ushushe nyuzi moja kwa siku mpaka 18. Mimea inashuka pamoja na maji wala haistuki.

Kama mnyama yuko ndani tayari usithubutu kupandisha joto kwa ajili ya mmea. Tia mimea kidogo kidogo, mmoja wiki hii, mwingine wiki ijayo, ukubali kupoteza majani ya zamani, na uyatoe kabla hayajaoza.

## Hatua ya 6: Kufunga, sio kupanda

Aksoloto ni mnyama wa chini, anatembea, anachimba, anasukuma. Chochote ulichokichomeka kwenye mchanga kitakuwa kinaelea asubuhi. Kwahiyo mimea inafungwa kwenye kitu kizito.

Kifuu kinafaa sana na kipo kila jiko. Kwangua nyama yote ya nazi na makumbi, mabaki yataoza. Chemsha, mwaga maji, chemsha tena mpaka maji yasiwe na rangi, halafu piga msasa ukingoni mpaka kidole kipite bila kukwaruzika. Kifuu kifunikwe kifudifudi, juu yake funga anubiasi na mosi. Usikitoboe tundu dogo, mnyama wa sentimita 25 atajaribu kuingia na kukwama. Pa kujificha mpe bomba la PVC pana.

Namna ya kufunga: kausha kifuu sehemu moja kwa kitambaa, tia tone la supaglu, bandika mizizi (shina lenyewe libaki wazi), shikilia kidogo, kisha zungusha uzi mara mbili tatu. Ncha za mshipi zikate fupi kabisa, kitanzi kilicholegea kinanasa kidole cha mguu.

Valisineria: weka kwenye chungu na mchanga safi, juu panga mawe laini makubwa kuliko kichwa cha aksoloto. Kipimo hicho cha kichwa kitumie kwa kila jiwe, dogo kuliko hapo linamezwa.

Mchanga wa pwani hapana, una chumvi na vipande vya kombe. Mawe ya matumbawe pia hapana. Tone la siki litakuonyesha, likitoa povu ni chokaa, lakini ubaya wake mkubwa sio chokaa, ni makali yake kwenye ngozi laini. Tena matumbawe ya ndani ya hifadhi yetu ya bahari, ambayo imelindwa tangu 1968, hayaokotwi hata kama yamelala ufukweni yamekufa.

Kazi imefaulu ukivuta mmea kwa vidole viwili na kifuu kikaja pamoja nao.

## Hatua ya 7: Mwanga

Taa dhaifu, masaa 6 hadi 8 kwa taima, na tangi mbali na dirisha. Honiwoti juu inafanya kivuli, chini yake ndipo mnyama atakaa. Ukiona aksoloto anajibanza pembeni muda wote taa ikiwaka na akizimiwa anatoka, mwanga umezidi, punguza bila kuuonea huruma mmea. Mwani wa kijani kwenye majani ya anubiasi nao unakwambia hivyo hivyo, futa kwa kidole kisha ondoa saa moja kwenye taima.

## Hatua ya 8: Mwezi wa kwanza

Majani ya zamani kuwa manjano ni kawaida, mmea unabadilisha nguo. Kata jani karibu na shina, lisingoje kuoza. Ukuaji utakuwa wa taratibu kwa sababu ya baridi, na kwa hiyo usidanganyike kwamba mimea imechukua kazi ya kubadilisha maji. Endelea na robo ya maji kila wiki, naitreti ikigusa 20 kabla ya wiki kuisha, badilisha mapema.

Dalili kwamba umepatia ni jani jipya moja la anubiasi, dogo, kijani cha kung'aa, likichomoza kwenye ncha ya shina. Mizizi ya java fani imeng'ang'ania kifuu na uzi unaweza kuutoa. Honiwoti imeacha kumwaga sindano na inatoa matawi ya pembeni. Shina likilainika badala yake, litoe leo, lisilale humo usiku.

Stima ikikatika na chila kikazima, jambo la kwanza toa majani yote yaliyochoka, kwenye maji yanayopanda joto yanaoza haraka na kumaliza oksijeni ambayo imeshapungua. Chupa ya barafu iliyofungwa ielee upande usio na mnyama, pampu ya hewa ya betri iwe karibu.

Matawi utakayokata usiyatupe mtaroni wala Sabaki. Honiwoti na elodea zinaota kutoka kipande cha sentimita chache. Anika juani mpaka yakauke kabisa, kisha yafukie chini ya mgomba.